Kazi Iliyoandikwa Kwenye Ikama

Katika mchezo wetu, mwanamke anayekaribia miaka thelathini ni ajuza. Magoti yangu yanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Siku hizi nafundisha watoto kuteleza kwenye barafu, katika kiwanja kidogo ndani ya jengo la maduka hapa Jeddah, na mara nyingine mama wa mtoto huniuliza kama ni kweli niliwahi kuwa bingwa. Mimi hujibu kuwa ndiyo, wa Riyadh, mwaka mmoja, na huyaacha hapo, maana yaliyobaki hayasemeki huku mtoto anavuliwa viatu. Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti nikimfunga mtoto kamba, simu ikaniletea ujumbe wa sauti kutoka nambari ya Kenya. Mwanamke nisiyemjua alijitambulisha kuwa ni mdogo wake Kanini. Alisema dada yake alikuwa mgonjwa wa figo kwa muda mrefu, amefariki, wamemzika kwao Machakos, na kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa watu aliotaka waambiwe. Nilimaliza kufunga kamba. Kisha nikaingia msalani nikalia, kwa huzuni na kwa hasira pamoja. Kanini ndiye aliyeniokoa, na ndiye aliyeninyima kitu nilichokitaka kuliko vyote nilivyopata kuvitaka duniani, na yote mawili aliyafanya kwa maneno machache, mchana mmoja, akiwa na birika la kahawa mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ulikuwa mwaka ule wanawake wa Saudia waliporuhusiwa kuendesha magari, na Madam alikuwa ameshanunua lake, jeupe, ingawa alikuwa akiliendesha mitaa ya Al-Malqa tu, polepole, dereva wake amekaa pembeni anasoma dua. Madam ni mama yake Lujain, na Lujain ndiye sababu ya mimi kuondoka nyumbani kwetu Aziziya, hapa Jeddah, kwenda kuishi Riyadh. Kocha wao, mwanamke mrefu wa kutoka nchi za baridi ambaye sote tulimwita Kocha tu, alikuwa ameniona nikiteleza Jeddah. Alimwambia Madam kwamba binti yake hatafika popote kama hana mwenzake wa kumkimbiza. Kwenye barafu ndivyo ilivyo. Anayefanya mazoezi peke yake hubweteka. Anahitaji mtu ambaye yeye akiwa bado anajiuliza kama aruke au asiruke, mwenzake ameshatua. Mimi nilichukuliwa niwe huyo mwenzake. Chakula, malazi, viatu, mafunzo, vyote juu yao. Baba yangu aliisifu nyumba ile kabla hajaiona.

Walinipa chumba cha chini, kati ya chumba cha wageni na chumba cha kupigia pasi. Kilikuwa kizuri, kina zulia na kiyoyozi kisichopiga kelele, na mpaka leo sijui kilihesabiwa kuwa upande gani wa nyumba. Wiki za kwanza nilikula juu, mezani, pamoja na Madam na Lujain. Madam alikuwa akinichagulia mapaja ya kuku na kunisukumia sahani ya tende, akiniita binti yangu, nami nilikaa wima kama niko mbele ya mwalimu. Halafu siku moja walikuwa na wageni nikala jikoni. Siku ya pili sikuitwa juu, na ya tatu nikaenda jikoni mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Ukweli ni kwamba jikoni kulikuwa na raha zaidi. Kanini alikuwa akisonga ugali wake kwa unga aliotumiwa na rafiki yake wa Batha, na sukuma aliipika kwa nyanya mpaka ikalainika, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani ili zisipande ngazi. Alinicheka Kiswahili changu cha Kiunguja. Alisema naongea kama redio ya zamani.

Alikuwa na miaka arobaini hivi, mwili mnene, mikono yenye nguvu. Kwao alikuwa msusi, tena msusi wa kutafutwa, na aliletwa kwa ahadi kwamba angefanya kazi saluni. Alipofika uwanja wa ndege akakuta anasubiriwa na dereva wa Madam. Hayo alinieleza siku moja tu, bila kuyapamba. Kazi zake zilikuwa kupika, kufua, kupiga pasi, na jioni kutusindikiza mimi na Lujain uwanjani kwa sababu Madam hakupenda tukae na dereva peke yetu. Humo uwanjani alikaa kwenye benchi amejifunga shuka mbili, anatetemeka, anatutazama. Akajifunza kunifunga viatu. Kiatu cha barafu hakifungwi kama cha mpira; unavuta kamba mpaka kifundo kisiweze kucheza, na vidole vyangu vilikuwa vikichubuka. Kanini alikuwa akiuweka mguu wangu juu ya paja lake anavuta kama anasuka nywele ngumu. Akimaliza anaupiga kofi unyayo wa kiatu. Kocha mwenyewe hakuweza kufunga vile.

Nilikuwa mzuri. Nasema hivi bila haya kwa sababu sasa ni habari ya mtu mwingine. Kuna mruko mmoja ambao ndio unaotenganisha watoto na watu wazima: unaondoka ukitazama mbele, ilhali miruko mingine yote unaondoka kinyumenyume, unazunguka mara mbili na nusu hewani, kisha unatua kwa mguu mmoja ukiwa umeipa njia mgongo. Lujain aliupata mara moja moja. Mimi, kuanzia baada ya Ramadhani ya mwaka ule, niliupata kila jioni. Nilikuwa nikisikia chuma kikikata barafu wakati wa kutua, sauti fupi, safi, na nilijua kabla ya Kocha kufumbua mdomo. Hakuna kitu kingine maishani kilichowahi kunipa uhakika kama ule. Sikuupata nilipoolewa, sikuupata nilipojifungua.

Mashindano ya Riyadh yaliruhusu mwenyeji na mgeni. Lujain alianguka mara mbili, akatoka analia, na Kocha akaenda naye chumba cha kubadilishia nguo. Nami nikateleza baada yake. Ukimaliza, kuna benchi unakaa na kocha wako kusubiri alama, na kukaa pale peke yako ni aibu, watu wanakuonea huruma hata kabla hawajajua umepata nini. Nilikaa peke yangu. Kisha nikamwona Kanini anakuja, na gauni lake la kazi la bluu, na moja ya zile shuka zake, akakaa kando yangu kana kwamba amesajiliwa. Kijana wa kusimamia mlango alimwambia kitu, yeye akamjibu kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba mafi mushkila, hamna shida, hatakaa sana. Alama zikatoka. Nilikuwa wa kwanza. Madam alishuka kutoka viti vya juu akanikumbatia, na machozi yalimtoka kweli. Hakuwa mtu mbaya Madam. Jambo hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu, hadithi hii ningeimaliza zamani.

Walioshika nafasi mbili za juu walialikwa kwenye mashindano ya vilabu huko kwao Kocha. Lujain alikuwa wa tatu, lakini wa pili alikuwa na mtihani akajitoa, kwa hiyo ikawa mimi na Lujain. Huko mtu huteleza kwa jina lake, si kwa nchi, na Kocha aliniambia mara moja tu, akiwa anafuta chuma cha kiatu chake, kwamba naweza kushinda. Kocha hakuwa mtu wa kutia moyo. Nililichukua neno lile nikalala nalo. Tatizo lilikuwa safari. Mimi nimezaliwa Jeddah, nimesoma Jeddah, lakini pasipoti yangu ni ya Tanzania, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilikuwa chini ya Baba. Niliomba viza peke yangu nikanyimwa. Ndipo Madam akaja na njia. Viza ya familia yao ingenichukua na mimi, alisema, kama ningekuwa mtu wa nyumba yao. Ikama yangu ingehamishwa kutoka kwa Baba iende kwa mumewe, yeye awe kafili wangu, yaani mdhamini, na kwenye nafasi ya kazi iandikwe mfanyakazi wa nyumbani. Karatasi tu, alisema. Nilimbusu kichwa.

Baba naye hakuona tabu yoyote, na hapa lazima nieleze kitu ambacho watu wasiokaa huku hawakijui. Kwetu sisi, kazi iliyoandikwa kwenye ikama haina uhusiano wowote na kazi anayoifanya mtu. Baba yangu ni fundi viyoyozi, tangu kabla sijazaliwa. Ikama yake inasema mkulima. Ami yangu anauza miwani karibu na mji mkongwe, naye kwa maandishi ni mchunga ngamia. Tulikuwa tukimuuliza ngamia hawajambo. Unachukua kazi yoyote ambayo kafili ana nafasi yake, unashukuru, unaendelea na maisha yako. Tumeishi hivyo tangu wazee wetu walipofika kutoka Unguja, na tumejizoesha kulicheka lile lililoandikwa. Nilipompigia simu, Baba alinicheka vilevile.

"Nasra mwanangu, mimi mkulima miaka yote hii. Umepata kuniona na jembe miye?"

Nikacheka naye. 

Kanini alinikalisha jikoni kesho yake, mchana, Madam akiwa amelala. Nilikuwa nataka kuchukua sahani nipeleke chumbani, akaniambia niiache, nikae kwanza. Alikuwa amesikia Madam akizungumza na dada yake kwa simu. Kiarabu alikijua kuliko walivyodhani. Watu wa nyumba ile walikuwa wakisema mbele yake kama mbele ya jokofu.

"Amesema mkirudi hutaenda kwenu," akaniambia. "Utabaki. Mambo ya juu yatakuwa yako, mimi nibaki na jikoni, kwa sababu nyumba imenishinda. Amesema wewe ni msafi, una adabu, na Lujain amekuzoea."

Nilimwambia amesikia vibaya. Akasema hapana. Nikamwambia Madam ananiita binti yangu, akasema hata yeye aliitwa hivyo mwaka wa kwanza. Nikamwambia kwamba ikiwa kweli, basi baadaye Baba atahamisha tena, halas, yameisha, karatasi tu. Hapo Kanini, bila hasira, akaniuliza kama najua pasipoti yake iko wapi. Sikujua. Sikuwahi kujiuliza. Nikainuka nikachukua sahani yangu. Nilitaka kwenda, na mtu anayetaka kitu namna ile haambiliki. Kama angeniambia nitafagia nyumba ile miaka kumi ningesema sawa, mradi kwanza nikanyage ile barafu ya huko. Namkumbuka yule msichana na ninamwelewa kabisa, na bado siwezi kumgombeza.

Siku hizi mambo ya ikama huishia kwenye simu: kafili mpya anaomba, wa zamani anapata ujumbe, anabofya kukubali. Lakini baba yake Lujain alikuwa mtu wa heshima za zamani, akataka aonane na mwenye binti uso kwa uso kwanza. Baba akaendesha gari kutoka Jeddah siku nzima, akalala kwa jamaa Murabba, na asubuhi akaja Al-Malqa amevaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, mkunjo wa mkono haujakaa sawa. Wakakaa majlisi, sebule ya wanaume. Kahawa ya majlisi ile ilikuwa ikipelekwa na dereva, kila siku. Siku ile Kanini alimtuma dereva sokoni akatafute nanaa, ingawa nanaa ilikuwepo tele jikoni. Akajifunga mtandio upya, akachukua birika na vikombe, akaingia. Mimi nilikuwa nimejibanza ukumbini nyuma ya mlango, nimekuja kusikia Baba akisema ndiyo.

Baba yake Lujain alimtazama, kwa mshangao nadhani, kisha akaendelea na maneno yake ya kukaribisha. Kanini akaanza kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya chini aliyokuwa akiimbia, kana kwamba anauliza habari za safari.

"Shikamoo Mzee. Usiniangalie, shika kikombe tu."

"Marahaba," Baba akasema.

"Yako imeandikwa mkulima, nimeambiwa. Lakini ukitoka kazini unaenda kwako. Yangu imeandikwa mfanyakazi wa nyumba, na ninalala hapo imeandikwa. Pasipoti yangu iko kwa droo ya huyu umekaa naye. Mama yangu amezikwa mimi nikipiga pasi abaya za mke wake. Niliomba ruhusa, nikaambiwa ngoja Ramadhani iishe. Si watu wabaya, Mzee. Lakini huyu msichana wako akiandikwa hivyo, siku ya yeye kuja kwako watakuwa wanaipanga wao. Nikuongeze?"

 Niliisikia kahawa ikimiminwa. Baba yake Lujain akauliza kwa Kiarabu, kwa upole, yule mama anasema nini. Baba akamjibu kwamba anamsalimia, ni mtu wa pande za kwao, na anamuuliza kama anataka zaidi. Kisha nilichungulia kwenye ufa wa mlango na nikamwona Baba anakitikisa kikombe, mara mbili tatu, kwa vidole viwili, kama afanyavyo kila mtu wa nchi hii akitosheka. Kanini akakipokea akatoka na birika lake. Alinipita ukumbini bila kunitazama. Simu ya Baba ilikuwa juu ya mto, kioo kinawaka, ujumbe umeshafika. Akaichukua akaitia mfukoni. Akasema kuna bibi yake mtoto huko nyumbani, ni mtu mzima, na haifai jambo kama hili apitwe nalo. Kwa hivyo yeye ataomba radhi, ataondoka na binti yake leo, akaombe ushauri mbele ya mkubwa. Alisema kwa adabu kubwa, na akajibiwa kwa adabu kubwa. Bibi yangu alikuwa amekufa miaka minne nyuma.

Nilimwambia Baba siendi. Akaniambia nikusanye vitu. Nilimwambia tena, mlangoni pa chumba changu, nikimshika mkono wa ile kanzu, nikamwambia kwamba Kocha amesema naweza kushinda, na yeye akasema, "Vitu vyako, Nasra," wala hakupandisha sauti. Madam alisimama ngazini amekunja mikono kifuani. Hakuelewa kilichotokea, na alikuwa ameumia. Aliniambia nimsalimie bibi. Lujain hakutoka chumbani. Jikoni Kanini alikuwa anaosha vile vikombe vidogo, kimoja kimoja. Aliniambia nitamkasirikia na kwamba ni sawa tu. Nikamkasirikia, wala sikumuaga.

Lujain alikwenda, akarudi na nafasi ya katikati, na baada ya mwaka akaacha mchezo akaenda chuo. Kanini alikaa nyumba ile miaka miwili mingine kabla hajarudishiwa pasipoti yake. Kama Madam alipata kujua kuhusu ile kahawa, na nani alimwambia, sijui. Nilimtafuta Kanini baada ya ndoa yangu, tukawa tunatumiana sauti, yeye Idi, mimi Krismasi, tunaulizana afya na mvua. Siku ile hatukuitaja hata mara moja. Nilikuwa nikisubiri niwe na shukrani iliyo safi, isiyo na kitu kingine ndani yake, ndipo nimpe. Haikupata kuwa safi. Na sasa amezikwa, nami bado nina kile kitu kifuani, na wanafunzi wangu wakiuruka mruko ule na kuanguka nawaambia inukeni kwa sauti kali kuliko inavyostahili.

Tulitoka Riyadh baada ya sala ya adhuhuri. Baba hakuwasha redio. Viatu vyangu vilikuwa kiti cha nyuma ndani ya mfuko wa nailoni, na kila gari lilipokata kona chuma kiligonga chuma. Alasiri tulisimama kwenye kituo cha mafuta katikati ya jangwa, pale penye msikiti na duka na mabanda ya chai, na malori yamepangana. Alininunulia mkate wa jibini ambao sikuula. Alisimama nje akiegemea mlango wangu, kikombe cha karatasi mkononi, anatazama barabara. Kioo kilikuwa wazi.

"Lau ungelikwenda," akasema, "ungelishinda?"

Ningeweza kumwambia sijui. Angelala vizuri usiku ule, na pengine mpaka siku anaingia kaburini. Lakini Kocha alikuwa ametuonyesha video za wasichana wote watakaokuwepo, mmoja mmoja, na nilikuwa nimewatazama wanavyoondoka na wanavyotua. Hakukuwa na hata mmoja aliyeniweza.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia.

Alitikisa kichwa. Akaimwaga chai mchangani, yote, alikuwa hajaionja, akazunguka akaingia garini na kuniambia nifunge mkanda.